Choo cha mboji ndani ya nyumba ndogo: kuanzia lundo hadi kiti

Ingizo la 1: hesabu kabla ya msumeno

Nyumba ni ya chumba kimoja, jiko kwenye kona, bafu la sentimita 90 kwa 140. Watumiaji ni watu wazima wawili, muda wote. Maji ya ardhini yako karibu na uso, kwa hiyo shimo refu halifai, na bomba la majitaka halipo. Uamuzi: choo cha mboji kinachotenganisha mkojo, ndoo ndani, lundo nje.

Mradi umeanzia kwenye lundo, kabla kiti hakijachorwa. Choo cha ndoo ni kituo cha kupokelea tu. Kuoza kwenyewe hufanyika nje, na kinachokwamisha nyumba ndogo ni kukosa pa kupeleka ndoo siku inapojaa. Asiye na nafasi ya lundo, wala mtu wa kuupokea mzigo huo kwa utaratibu unaokubalika, asinunue hata skrubu. Sheria nazo hutofautiana kati ya eneo na eneo, kwa hiyo ruhusa iulizwe mapema na jibu litunzwe kwa maandishi.

Mtu mzima hutoa mkojo wa lita 1 hadi 1.5 kwa siku na kinyesi cha gramu 150 hadi 400, kutegemea chakula. Kwa watu wawili hiyo ni lita 2 hadi 3 za mkojo kila siku, huku kinyesi kikiwa kama nusu kilo. Ukiongeza karatasi na vumbi la mbao la kufunikia, ndoo hupokea takriban lita 1.5 kwa siku baada ya kushindiliwa na uzito wake wenyewe. Ndoo ya lita 20 tunaihesabu kuwa imejaa ikifika lita 15, kwa sababu ndoo iliyojaa hadi ukingoni haibebeki bila kumwagika mlangoni. Hapo inatosha kama siku kumi, lakini ratiba imewekwa kuwa mara moja kwa wiki. Mkojo ukiachwa uingie humo humo, ndoo ile ile hujaa ndani ya siku tatu au nne, inakuwa nzito na inahitaji vumbi mara mbili au zaidi. Kwenye nyumba ambayo hata gunia la vumbi halina pa kukaa, kutenganisha kunajilipa.

Ingizo la 2: mapipa ya lundo

Yamejengwa mapipa mawili ya mbao, kila moja mita 1.2 kila upande na kimo mita 1.2, yakishirikiana ukuta wa kati. Moja linajazwa kwa mwaka mzima, jingine linapumzika mwaka mzima. Lundo lililo chini ya mita moja ya ujazo hupoteza joto haraka kuliko linavyolitengeneza, ndiyo maana hatukupunguza vipimo hata kidogo. Ndoo za wiki kwa mwaka ni kama lita 550. Zikishanywea hubaki theluthi moja hadi nusu, na nafasi iliyobaki ni ya majani, nyasi na maganda ya jikoni.

Mahali: penye mwinuko, zaidi ya mita 30 kutoka kisimani, mbali na mkondo wa maji ya mvua. Sakafu ni udongo mtupu, ila chini umelazwa wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6, nao umepandishwa ukutani sentimita 30. Wavu wa kuku hauzuii panya. Juu ya wavu limewekwa tabaka la nusu mita la majani makavu na vijiti vyembamba. Tabaka hili hunyonya kioevu kinachoshuka, na halipunguzwi kwa kisingizio kwamba majani ni machache. Afadhali kuchelewa kuanza.

Juu pana mfuniko mwepesi wa bati. Mvua kubwa ikipiga lundo lililo wazi hujaza maji sehemu zote za hewa, lundo linapoa na kuanza kunuka yai bovu.

Ingizo la 3: sanduku na kiti

Plaiwudi ya milimita 18. Upana sentimita 50, kina 60, kimo 43 pamoja na ubao wa juu. Ndoo ina kimo cha sentimita 38 na imekaa juu ya kipande cha ubao cha sentimita 3, hivyo mdomo wake unakaribia kugusa ubao wa juu kwa chini. Nafasi hiyo ikizidi sentimita 2, kuna kitakachopita pembeni.

Kitenganishi cha plastiki kimefungwa chini ya tundu la kiti. Upande wa mbele una bakuli lenye mteremko kuelekea kitundu cha mkojo. Upande wa nyuma uko wazi na una ukingo unaoshuka sentimita 3 ndani ya ndoo. Kwa kuwa ukingo huo umeingia ndani, ndoo haiwezi kuvutwa kwa mbele. Ubao wote wa juu umefungwa bawaba nyuma, unainuliwa pamoja na kiti na kitenganishi, ndoo inatolewa kwa juu. Hii ina sharti moja: mpira wa mkojo uwe laini na uwe na urefu wa ziada wa kutosha ubao unapoinuka, lakini usiwe mrefu kiasi cha kujikunja chini ubao unapofungwa, maana palipokunjika mkojo hutuama.

Ndani mbao zimepakwa rangi ya mafuta mara tatu, na kingo zilizokatwa zimepakwa mara nne, kwani plaiwudi hunywa maji kupitia kingo. Viungo vyote vimezibwa kwa silikoni. Chini ya ubao wa juu na chini ya mfuniko wa kiti imezungushwa raba ya povu. Kazi yake ni kuwanyima nzi mwanya, na kulazimisha hewa ipite pale tunapotaka.

Ndoo ziko nne za aina moja, zote zenye mifuniko ya kubana. Moja sandukuni, mbili akiba, moja inakauka juani baada ya kuoshwa.

Ingizo la 4: njia ya mkojo

Hapa ndipo vyoo vingi vya aina hii huharibikia, kwa hiyo ingizo ni refu.

Mkojo mbichi haunuki sana. Ukikaa, vimeng'enya vya bakteria huivunja urea kuwa amonia, asidi inapungua na pH, yaani kipimo cha asidi, hupanda hadi kama 9. Mambo mawili hufuata. Kwanza ni harufu ile kali ya machoni. Pili, magnesi na fosfati zilizomo hushikana na amonia, zinatengeneza chembe ngumu kama mchanga mweupe zinazoganda ukutani mwa bomba. Bomba jembamba lenye mteremko mdogo huziba taratibu hadi siku moja bakuli linajaa na kumwagikia kwenye ndoo.

Kwa hiyo: mpira wa milimita 32 kutoka kwenye kitenganishi, kisha bomba la plastiki la milimita 50 linalotoka nje kupitia ukutani, likishuka sentimita 4 kwa kila mita. Hakuna elbo ya nyuzi 90. Kona moja iliyokuwapo imefanywa kwa elbo mbili za nyuzi 45. Mwanzoni mwa bomba kuna kiungo kinachofunguka kwa mkono ili brashi ipite.

Kizuizi cha harufu si kona ya maji kama ya sinki. Maji yanayotuama na mkojo ndiyo mahali hasa pa zile chembe ngumu kuganda. Kimewekwa kilimi laini cha silikoni kinachojifungua mkojo unapopita na kujifunga ukiisha. Kinatolewa, kinaoshwa, kinarudishwa.

Nje, kwenye kivuli, kuna dumu la lita 20. Bomba linaingia mdomoni na kushuka hadi karibu na sakafu ya dumu, badala ya kuishia juu. Lipo hivyo ili mkojo mpya usidondoke kutoka juu na kuchafua hewa, na ili hewa ya ndani ya dumu isirudi chumbani. Mdomo umezungushiwa raba. Kitundu cha milimita 3 kinatosha kwa hewa inayosukumwa nje. Tundu kubwa zaidi ya hapo hupoteza nitrojeni na kuwaudhi majirani. Kwa watu wawili dumu hujaa ndani ya wiki moja hivi, na kuna la pili la kubadilishia.

Matunzo: kila wiki siki nusu lita humiminwa jioni na kuachwa usiku kucha, asubuhi hufuatia maji ya moto lita mbili. Pakishaganda, tumia gramu 100 za asidi ya limau katika lita moja ya maji. Dawa ya klorini isitumike kabisa kwenye njia hii: ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayochoma mapafu, na ikikutana na siki hutoa klorini yenyewe. Ndani ya chumba kidogo hilo ni jambo la hatari ya kweli.

Matumizi: mtu mmoja hutoa kama lita 500 za mkojo kwa mwaka, zikiwa na kilo 3 hadi 4 za nitrojeni. Kipimo kinachotumika ni lita 1.5 kwa mita moja ya mraba kwa msimu mmoja wa mazao, ukiwa umechanganywa na maji mara tatu hadi kumi, ukimwagwa kwenye udongo na si kwenye majani, kisha ukifukiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unaruhusu familia kutumia mkojo wake kwa mazao yake bila kuuhifadhi kwanza, ili mradi upite mwezi mmoja kati ya mara ya mwisho ya kumwaga na kuvuna. Ukipelekwa kwa watu wengine, uhifadhiwe hadi miezi sita. Bustani ya nyumba hii ni ndogo kuliko mkojo unaopatikana, kwa hiyo sehemu kubwa inakwenda kwenye miti na kwenye lundo lenyewe.

Ingizo la 5: hewa

Bomba la hewa ni la milimita 110, linatoka mgongoni mwa sanduku na kupanda wima hadi nusu mita juu ya paa. Limepakwa rangi nyeusi upande wa jua. Mdomoni pana kofia ya mvua iliyoachiwa nafasi pana na wavu wa chuma cha pua wenye matundu ya milimita 1.2 hadi 1.5. Wavu wa chuma cha kawaida huliwa na mvuke wa amonia, ukabaki na matundu ambayo hayaonekani kutoka chini.

Ndani ya bomba, mahali panapofikika kwa mkono, kuna feni ya kompyuta ya milimita 80, volti 12, wati 2 hivi; saa 24 zake ni kama wati-saa 48. Feni inavuta kuelekea juu. Ikisukuma kuelekea sandukuni, harufu yote hutokea kwenye kiti.

Kipimo cha kazi ni kijiti cha udi. Inua mfuniko, shika udi ukingoni mwa kiti, tazama moshi. Ukishuka ndani, hewa inakwenda sawa. Jaribio lilirudiwa feni ya jikoni ikiwa imewashwa, na moshi ukageuka kupanda: feni ya jiko ina nguvu kuliko ya choo, na katika nyumba iliyobana huvuta hewa popote inapoipata, hata kupitia bomba la choo. Dawa ilikuwa kukata mwanya wa hewa safi karibu na jiko, sentimita 10 kwa 25, wenye wavu. Baada ya hapo moshi umeshuka feni zote mbili zikifanya kazi. Mwenye jiko la kuni lenye dohani afanye jaribio hili moto ukiwa umewaka.

Ingizo la 6: kitu cha kufunikia

Mwaka 1860 mchungaji Mwingereza Henry Moule alipata hataza ya choo cha udongo mkavu, chenye chombo kinachodondosha udongo mahali pa maji. Udongo unafaa, ila ni mzito kubeba na haulishi lundo. Hapa linatumika vumbi la mbao ghafi lililochanganywa na majani makavu yaliyosagwa, nusu kwa nusu.

Vumbi litoke kwenye mbao zisizotiwa dawa. Lile la plaiwudi lina gundi, na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa zinaweza kuwa na aseniki au shaba. Maranda makubwa hayafuniki vizuri, harufu hupenya katikati yake. Pumba za mpunga huziba harufu lakini huchelewa kuoza. Majivu hukausha na kuua vijidudu kwa kupandisha pH, ila kwa sababu hiyo hiyo huchelewesha kuoza, na yakigusa mkojo amonia hupanda mara moja. Kijiko kimoja wakati wa nzi si tatizo. Kopo zima kila mara ni mfumo mwingine, wa kukausha, wala si mboji.

Kipimo ni kopo la nusu lita baada ya kila haja kubwa, hadi kusionekane kitu. Vumbi liwe na unyevu kidogo: likiwa kavu kabisa hurushwa na feni na kuingia kwenye bakuli la mkojo, likiwa bichi sana halinyonyi. Akiba ya wiki ni lita 10, inakaa kwenye kisanduku chenye mfuniko kando ya kiti; gunia liko nje, limefungwa. Vumbi lililokaa wazi huja na mayai ya vijinzi.

Ukutani mbele ya kiti pamebandikwa karatasi kwa ajili ya wageni: *Keti hata kwa haja ndogo. Mwaga kopo moja nyuma tu. Funga mfuniko.* Neno "nyuma tu" liliongezwa kwa sababu vumbi likitupwa mbele huziba kitundu cha mkojo.

Ingizo la 7: maji ya kuchambia

Maelezo mengi ya vyoo hivi yameandikwa kwa watumiaji wa karatasi. Anayetumia maji afanye hesabu: nusu lita mara mbili kwa siku ni lita 7 kwa wiki ndani ya ndoo yenye nafasi ya lita 15. Hakuna vumbi litakalolishinda hilo. Maji hayo hayafai pia kuingia kwenye dumu la mkojo, kwani yana vijidudu vya kinyesi, na mkojo uliochafuliwa unapoteza faida yake ya kutumika mapema.

Kando ya sanduku pametengwa sehemu ya kuchambia ya sentimita 40 kwa 50, sakafu ikiteremka kwenye kitundu chake chenyewe. Mtu anamaliza, anasogea hatua moja, anajisafisha hapo. Maji yanakwenda kwenye mtaro wa kokoto uliofukiwa sentimita 30 chini ya udongo, wenye migomba au mimea mingine inayopenda maji juu yake, na umbali ule ule wa kisima. Yasimwagwe juu ya ardhi.

Ingizo la 8: matumizi ya mwanzo, yanayoharibika na sababu zake

Harufu ya amonia maana yake ni mkojo mahali usipotakiwa. Angalia kwanza kama bakuli linapitisha, kisha kama kuna anayekojoa akiwa amesimama. Harufu ya yai bovu maana yake ni maji mengi na hewa haba: toa ndoo hata kama haijajaa, anza nyingine kwa sentimita 8 za vumbi chini. Harufu ya kinyesi chenyewe ni vumbi dogo au feni iliyosimama. Kwa uzoefu wetu pua ikitofautisha hizi tatu, mtengenezaji hahitaji kufungua kitu chochote bila sababu.

Nzi wa nyumbani hufikia ukubwa kutoka yai ndani ya siku 7 hadi 10 penye joto. Kutoa ndoo kila wiki kunakata mzunguko huo kabla haujakamilika. Ndiyo sababu ya ratiba, hata ndoo ikiwa na nafasi. Vijinzi vidogo vyeusi vinavyotambaa kwenye vumbi huletwa na vumbi lenyewe. Funga gunia kwenye plastiki nyeusi na ulilaze juani kwa siku kadhaa kabla ya kulitumia.

Mtu akiharisha, ndoo ibadilishwe siku hiyo hiyo, vumbi liwe maradufu, na mzigo ule uwekwe katikati kabisa ya lundo. Taulo za kike, nepi na vitambaa vya maji vya dukani haviingii. Karatasi laini inaingia.

Kutoa ndoo: glavu, mfuniko ubanwe kabla ndoo haijainuliwa, njia hadi mlangoni iwe wazi. Bafu likiwa upande wa pili wa kitanda, mfuniko unaobana una thamani kuliko chochote kingine kilichonunuliwa. Kuna kipimajoto, reki na brashi vinavyokaa kwenye lundo na havirudi ndani wala bustanini.

Ingizo la 9: lundo likifanya kazi

Chimba shimo katikati kwa reki, mwaga ndoo, suuza kwa lita 2 za maji na brashi ya mpini mrefu, mwaga maji hayo humo humo, rudisha iliyokuwa juu, kisha funika kwa sentimita 15 za majani makavu. Kinyesi kisionekane, wala kisiguse mbao za ukuta, kwani pembeni ndiko panapopoa.

Katika ukaguzi wa joto, kijiti cha sentimita 50 kilionyesha nyuzi 28 tu katikati, na kilichochotwa kilikuwa kikavu, rangi ya vumbi. Sababu iko kwenye uwiano wa kaboni na nitrojeni. Lundo hupenda kama 30 kwa 1. Vumbi la mbao liko kwenye 200 hadi 500 kwa 1, kinyesi 5 hadi 10 kwa 1, na mkojo, ambao nitrojeni yake ndiyo nyingi, umepelekwa kwingine. Choo kinachotenganisha vizuri hulinyima lundo chakula na maji kwa pamoja. Kwa hiyo kila ndoo sasa hufuatwa na lita 4 za mkojo zilizochanganywa na lita 4 za maji, zikimwagwa katikati, pamoja na ndoo ya nyasi mbichi au maganda. Unyevu unapimwa kwa kukamua gao moja kwa mkono uliovaa glavu: litoke tone moja au mawili, lisitiririke. Joto limepanda na kukaa kati ya nyuzi 48 na 58.

Nyuzi 55 zikishikilia siku kadhaa huua vijidudu karibu vyote, ila ziko katikati, pembeni hazifiki. Mayai ya askarisi, minyoo mikubwa ya tumboni, ndiyo sugu kuliko yote. Kwa sababu hiyo tunategemea muda zaidi ya kipimajoto. Mwongozo ule wa 2006 unataja zaidi ya mwaka mmoja wa kuhifadhi penye nyuzi 20 hadi 35, na mwaka mmoja na nusu hadi miwili penye baridi zaidi ya hapo. Saa ya kuhesabu inaanza siku ndoo ya mwisho ilipoingia, si ya kwanza. Tarehe hiyo imeandikwa kwa rangi kwenye mbao za pipa.

Mboji itakwenda chini ya miti ya matunda na maua. Mboga za kuliwa mbichi na mazao ya mizizi hazitapewa.

Yaliyobaki

Feni ina utando wa vumbi kwenye mabawa na sauti yake usiku imepanda. Itasafishwa kwa brashi kavu na kufungwa upya juu ya raba nene ili mtikisiko usiingie ukutani. Kilimi cha silikoni kinaanza kukakamaa upande mmoja, cha akiba kinatafutwa. Majani makavu ya kuanzia pipa la pili bado hayajafika nusu mita, na pipa hilo halifunguliwi mpaka yafike.